Sijui ya Mwalimu Tumainieli

Dar es Salaam
4 Machi 2024

Mwalimu Tumainieli, shikamoo.

Ni mimi Ummy Habibu wa Kihurio, uliyenifundisha kemia kidato cha tano na sita pale Same, yule wa dawati la mbele kwa ajili ya macho mabovu. Tangu mwaka uanze nakupigia simu sikupati, ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua nampa dereva wa basi la Same, naye ameahidi kuipandisha Bombo na magari yanayofuata tangawizi.

Nina la kukushukuru. Siku moja ulituletea darasani kikapu cha ndulele. Ulizichoma kwa miiba ya mgunga, ndulele moja kwa kila atomu ya kaboni, ukatufungia pete ya benzini, ukaipitisha kila mtu aishike. Mimi nikauliza: ioni yenye chaji chanya, tuseme ya potasiamu, ikiijia hii pete kwa juu, usoni pake, itafanya nini? Darasa lilicheka kwa sababu swali halikuwamo kwenye mtihani wowote. Wewe hukucheka. Uliigeuzageuza ile pete mkononi, kisha ukasema, "Sijui. Siku ukijua, uniambie."

Mwalimu, nyumbani kwetu na shuleni nilikuwa nimeshawauliza watu wazima wengi mambo wasiyoyajua. Wengine walinifokea, wengine walinidanganya. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hujui na bado ukabaki mwalimu wangu.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni swali lilelile. Jibu ni kwamba ioni inavutwa. Inakuja kukaa juu ya uso wa pete, katikati kabisa, na hakuna elektroni inayotolewa wala kuchangiwa. Inashikwa bila kufungwa. Ningependa kukueleza zaidi, ikiwa bado unapenda maswali.

Mwanafunzi wako,
Ummy


Bombo
22 Machi 2024

Mwanangu Ummy, marahaba.

Barua yako imefika ikinuka tangawizi, nami nimeifurahia mno. Anayeandika hapa ni mke wangu Esta, mimi ninatamka tu, maana miwani yangu haifai tena. Simu nayo iliingia maji. Ndiyo sababu ya ukimya wangu, usidhani nimekusahau.

Umenifurahisha na umenisumbua. Miaka yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba benzini ni ya upande wa mafuta na ioni ni za upande wa maji, na pande hizo mbili hazikai pamoja. Leo unaniambia ioni inapanda juu ya pete na kutulia. Kwa nini ivutwe na kitu kisicho na chaji? Nieleze kama unavyomweleza mtu anayekupinga, maana nakupinga.

Hapa tupo. Ukungu ni mwingi na tangawizi imekubali. Kwaya ya usharika nimewaachia vijana, mtu asing'ang'anie kuongoza hadi aonekane kero. Nimezeeka tu, hakuna jingine. Msalimie baba yako Habibu ukiongea naye, na mwambie nimesema alimlea binti mwenye kichwa.

Mwalimu wako,
Tumainieli


Dar es Salaam
12 Aprili 2024

Mwalimu, shikamoo. Mama Esta, shikamoo nawe, na asante kwa mwandiko unaosomeka.

Idi imepita salama. Sasa nakujibu wewe unayenipinga.

Ni kweli pete haina chaji ukiichukua kwa jumla yake. Lakini elektroni zake hazikuenea sawasawa. Zimetanda juu na chini ya pete, kama ukungu unavyolala juu ya bonde la kwenu asubuhi, na pembeni kwenye haidrojeni kumebaki upungufu. Kwa hiyo uso wa pete una uhasi kidogo, na ukingo wake una uchanya kidogo. Ioni chanya ikija kwa ubavuni inasukumwa, ikija kwa usoni inakaribishwa. Pasipo kitu kingine karibu, pete moja ya benzini huishika ioni ya potasiamu kwa nguvu inayokaribiana na ya molekuli moja ya maji. Nami sikuamini nilipoisoma mara ya kwanza.

Na haya yamo mwilini mwetu. Ukitaka kuinua kikombe, neva inamwaga kwenye msuli kemikali iitwayo asetilikolini. Kichwa cha kemikali hiyo kina chaji chanya. Msuli nao una vipokezi vya kuipokea, na ndani ya kila kipokezi, pale inapotua, ukuta umejengwa kwa pete. Pete zinakikaribisha kile kichwa, msuli unakaza, kikombe kinainuka. Kisha kuna kimeng'enya kinachoivunja ile kemikali ili msuli upumzike, na njia ya kuingilia ndani yake imezungukwa na pete za namna hiyohiyo. Kupepesa jicho, kutafuna, kuimba, vyote vinapita hapo. Sisi tunachunguza jinsi pete zinavyokishika kile kichwa na kukiachia.

Jambo moja la mwisho. Lukasi, tuliyesoma naye, alipita Bombo mwezi uliopita. Alirudi akinisimulia habari zako ambazo sikuzipenda, nikamkatiza. Siulizi chochote. Nataka tu ujue kwamba sikuziamini.

Ummy


Bombo
30 Aprili 2024

Ummy mwanangu,

Barua hii Mwalimu haijui. Ninaiandika dukani kwa Nassoro, kwa sababu nikipiga simu nyumbani atasikia, na nikisimama nje kuongea atauliza nilikuwa naongea na nani. Hapa dukani nako siwezi kuyasema haya kwa sauti, watu wanaingia na kutoka.

Simu yake haikuingia maji. Imezimwa, iko kabatini. Ameizima mwenyewe kwa sababu ya sauti yake.

Asubuhi anaamka akiwa mzima na anasema vizuri. Jua likipanda maneno yanaanza kulegea, na ikifika jioni yanapitia puani, huelewi anachosema. Kope zinamwangukia, ya kushoto zaidi, mpaka anarudisha kichwa nyuma ili anione. Chakula nacho ni hivyo. Nilikuwa nampikia makande, anatafuna kidogo anasukuma sahani. Mwanzoni nilikasirika, nikasema mwanamume huyu amechoka mapishi yangu, nikanuna wiki nzima. Kumbe taya ndizo zilizochoka. Akilala mchana anaamka na nafuu, halafu inaisha tena.

Watu wanasema ni dengelua, pombe yetu ya miwa. Mwanamume anatoka shambani alasiri, macho yamelegea na maneno hayanyooki, wewe ungesema ni nini? Wazee wa kanisa walikuja nyumbani wakiongozwa na Mzee Eliamini, wakamsihi aache pombe. Ilikuwa jioni. Aliwasikiliza hadi mwisho, akafungua kinywa kuwajibu, na kilichotoka kikawa kama ushahidi juu yake. Mume wangu hajaonja pombe tangu tufunge ndoa. Kwaya hakuwaachia vijana, alinyang'anywa. Wengine wanasema amerogwa. Sasa hasemi na mtu isipokuwa mimi, na ni asubuhi tu.

Kilichonifanya nikuandikie ni barua yako. Nilikuwa namsomea. Nilipofika pale pa neva na msuli akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Huyu mtoto anaeleza hali yangu mimi, na hajui." Halafu akanikataza nisikwambie. Anasema wewe ni mwanafunzi wake, hataki umjue hivi.

Mimi nimekwambia. Ukinijibu, elekeza barua kwa Nassoro. Namba za simu, yangu na yake, nimeziandika nyuma ya karatasi, ila ni za dharura tu.

Esta, mama yake Loth


Dar es Salaam
8 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Asante kwa kuvunja katazo la Mwalimu. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaenda moja kwa moja kumtafuta Daktari Shamsa, bingwa wa mishipa ya fahamu anayeshirikiana na idara yetu. Mimi ni mkemia, si daktari, kwa hiyo nilimsimulia ulivyoandika bila kumtaja mtu. Kabla sijamaliza akaniuliza, "Asubuhi ana nafuu, jioni ndiyo mbaya?" Nikasema ndiyo. Akasema mgonjwa huyo aletwe hospitali, asikae nyumbani.

Upo ugonjwa unaofanana hivyo, mama. Kinga ya mwili inakosea, inavishambulia vile vipokezi vya msuli nilivyomweleza Mwalimu. Neva inamwaga kemikali yake kama kawaida, lakini mahali pa kutua ni pachache. Msuli ukitumika kidogo unaishiwa, ukipumzika unarudi. Macho na kinywa ndivyo huonyesha kwanza. Ikiwa ndio huu, basi si pombe, si uchawi, na wala si uzee. Dawa zipo.

Daktari amesema kuna jaribio dogo. Kope ikiwa imeanguka, funga barafu kwenye kitambaa, iweke juu ya jicho lililofumbwa kwa muda mfupi, kisha aangalie. Jicho likifunguka vizuri zaidi, ni dalili, ingawa vipimo vya hospitali ndivyo vitakavyosema kweli. Yeyote atakayempa dawa, hata ya malaria au ya kifua, mwambie kwanza habari hizi, kwa sababu zipo dawa zinazouzidisha ugonjwa huu. Na akianza kupaliwa au pumzi ikimwia fupi, msisubiri kitu.

Mwambie Mwalimu kuwa sijapungukiwa na heshima. Imeongezeka.

Mwanao,
Ummy


Bombo
19 Mei 2024

Ummy,

Nassoro ana friji ya soda. Nilimwomba barafu, akanigongea kipande kilichoganda ndani ya friji, nikakikimbiza nyumbani kwenye bakuli. Mwalimu alikuwa kibarazani na kope imefunga jicho la kushoto. Ilinibidi nimweleze barafu ni ya nini, na hapo akajua nimekuandikia. Alinikasirikia. Lakini ni mwalimu wa sayansi, jaribio hawezi kulikataa. Akafumba jicho, nikamwekea kitambaa.

Nilipokiondoa, jicho lilifunguka. Halikufunguka lote, ila lilifunguka. Alinitazama kwa macho yote mawili, alasiri, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. Nikaanza kulia. Yeye akataka kioo. Alijiangalia mpaka kope ikaanza kushuka tena, na hapo maneno yakatoka kwa shida, "Basi sikuwa mwongo."

Ummy, sikujua kuwa alikuwa ameanza kujitilia shaka mwenyewe.

Amekubali kwenda hospitali. Anasema tungoje tangawizi itoke shambani. Nimemwambia tangawizi haina haraka ya kufa, lakini unamjua. Baridi nayo imeanza, ana kikohozi kidogo.

Esta


Dar es Salaam
10 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Simu yako haipatikani na kwa Nassoro haipokelewi. Baba amenipigia leo. Amesikia sokoni Kihurio kwamba gari la Hamidu, yule mnunuzi wa tangawizi, lilishuka kutoka Bombo likiwa na mgonjwa na halina mzigo, likapita bila kusimama. Hakuna aliyejua ni nani.

Tafadhali nitumie neno lolote. Hata kama ni baya, nitumie.

Ummy


Moshi, hospitalini
21 Juni 2024

Mwanangu Ummy,

Mwandiko huu ni wangu. Ni asubuhi, nimepewa kalamu, na muuguzi amenikubalia ukurasa mmoja. Nitaiba wa pili.

Baridi ya mwezi huu ilinishukia kifuani. Siku moja nilikuwa nakunywa uji, ukaenda njia isiyo yake, na nikashindwa kukohoa. Nguvu za kukohoa hazikuwepo. Nilimwona Esta akikimbia nje. Hamidu alikuwa barabarani akipakia tangawizi. Esta anasema hakuuliza hata jina la ugonjwa. Aliwaamuru watu wake wamwage magunia yote kando ya barabara, wakaniketisha mbele, Esta akanishika kidevu ili hewa ipite. Tukashuka, tukapita Kihurio, tukapita Same, hadi hapa. Magunia yake yalinyeshewa. Nimemwomba radhi, akanijibu kwamba tangawizi huoshwa kabla ya kuuzwa, mvua imempunguzia kazi.

Daktari aliyenipokea alitaka kujua historia. Mimi sikuweza kusema, nilikuwa napumulia mashine. Esta ndiye aliyesema. Alimweleza habari za asubuhi na za jioni, alimweleza makande, alimweleza barafu, na akamwambia asinipe dawa yoyote kabla ya kufikiria ugonjwa wa vipokezi. Daktari akamuuliza amesomea wapi. Akasema, "Nimeandikiwa na mwanangu."

Siku nilipotolewa kwenye mashine walinichoma sindano ya kujaribu. Nilikuwa nimelala naangalia kipande cha dari, kile tu kope zilichoniachia. Baada ya kitambo nikaona dari yote. Nikaona taa, nikaona dirisha. Nikamwita Esta kwa jina, na jina likatoka zima. Daktari alicheka kwa furaha. Esta hakucheka, aliniambia niseme tena.

Sasa nanywa vidonge, na damu yangu imethibitisha uliyoyaeleza. Mwanangu, niliona aibu kwako. Nilidhani mwalimu akishaonekana dhaifu mbele ya mwanafunzi, yale aliyofundisha nayo yanadhoofika. Nilikosea, na kosa hilo lilikaribia kunizika. Nashukuru wewe na Esta hamkunitii.

Sasa nieleze dawa hii inafanyaje kazi. Daktari ana wagonjwa wengi na mimi nina maswali mengi.

Tumainieli


Dar es Salaam
1 Julai 2024

Mwalimu wangu, shikamoo.

Alhamdulillah. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilitoka maabara, nikakaa ngazini. Wenzangu walinikuta hapo, nikawasomea barua yote. Profesa wetu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa miaka mingi amechora kile kichwa chenye chaji bila kuwaza kwamba kuna mtu Bombo anakisubiri ili ameze uji.

Dawa yako, Mwalimu. Unakumbuka kile kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini baada ya kazi? Kwa mtu mwenye vipokezi vya kutosha hakuna neno. Kwako wewe vipokezi ni vichache, na kemikali inavunjwa kabla haijapata pa kutua. Dawa yako imetengenezwa ikiwa na chaji chanya. Ikifika kwenye mlango wa kimeng'enya, zile pete zilizozunguka njia zinaivuta kama zinavyoivuta asetilikolini, zinaipeleka hadi ndani. Ikishafika inakikalia kimeng'enya kwa saa chache, hakiwezi kuvunja. Asetilikolini inabaki nyingi zaidi, inazunguka, inagonga tena na tena hadi inapata kipokezi kizima. Ndipo kope inainuka.

Ndiyo maana unameza tena baada ya muda. Haiponyi chanzo, inakununulia nafasi. Kuituliza kinga yenyewe ni kazi ya dawa nyingine ambazo daktari atakuambia, na tafadhali usizikatishe ukijisikia vizuri.

Unanishukuru mimi. Mimi sikugundua chochote, Mwalimu. Walioigundua dawa hiyo walikuwepo kabla sijazaliwa. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya kuuliza, na nadhani unajua niliyapata wapi. Na mama Esta ndiye aliyeona tofauti ya asubuhi na jioni. Mimi nilisikia tu.

Nitakuja Kihurio mwezi wa nane nikimaliza mitihani. Nitapanda Bombo kuwasalimu.

Ummy


Bombo
18 Agosti 2024

Ummy mwanangu,

Tangu ushuke nyumba imekuwa na watu. Kila aliyekuona anataka kujua yule binti wa Kihurio ni nani wetu. Nimechoka kueleza, sasa nasema ni mwanangu, wakitaka wahesabu miaka.

Nikupe ya Jumapili iliyopita, kwa kuwa hukuwepo. Mchungaji alimpa Mwalimu nafasi ya kusema ibada ya kwanza, asubuhi. Mwalimu akakataa. Alitaka alasiri, kwenye mkutano wa usharika, saa ileile waliyozoea kumwona na kusema amelewa. Alimeza kidonge chake, akangoja, akasimama. Aliwaeleza neva, akawaeleza msuli, akasema kuna watu wengine milimani na tambarare huenda wanafichwa ndani kwa ugonjwa huuhuu, na akaomba wasifichwe. Hakumtaja aliyemshtaki. Sauti ilianza kulegea karibu na mwisho, nayo ilisikika, lakini hakuna aliyecheka.

Mzee Eliamini alisimama mbele ya wote akasema, "Tulikuja kwako kama mahakimu, tulitakiwa kuja kama jamaa." Mwalimu alimwambia kwamba angalau wao walikuja, wengi hawakufika mlangoni. Baadaye mama mmoja wa kijiji cha Bendera, kule tambarare, aliyekuja kumtembelea dada yake, alitufuata hadi nyumbani. Ana binti, Beatha, kope zinaanguka na shuleni wanamwita msinziaji. Mwalimu amewaandikia jina la daktari. Kesho Hamidu anawapeleka hospitali.

Hajapona, sikufichi. Yapo majira anapochoka, nami namlaza. Ila jana jioni, Ummy, tumegombana. Anataka kupanda tangawizi kando ya mfereji, pale penye maharage yangu. Nikamwambia hilo halifanyiki. Akasema ardhi ile ina maji, maharage hayahitaji maji kiasi hicho. Nikamwambia maharage ndiyo yaliyomsomesha Loth. Akanijibu, nikamjibu, akapandisha sauti, nami nikapandisha, na jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mlima, saa ambayo mwaka mzima sikusikia neno lake. Jirani alitoka kwake kuja kutuamulia. Nikamwomba arudi nyumbani kwake, atuache tugombane.

Maharage yanabaki. Nimeshinda mimi, lakini alinijibu kila neno, na nilipoingia jikoni nilipiga magoti nikamshukuru Mungu.

Esta